Tunapokwenda Ziwani, Nani Amebaki na Paka?

Likizo za shule zinapokaribia, waumini wetu wa Shinyanga, Kahama na Geita huanza kuulizana juu ya safari fupi ya familia kwenda kupunga upepo kando ya Ziwa Victoria. Jambo hili tunalipokea kwa furaha. Katika ukanda huu wa dhahabu wapo akina baba wengi wafanyao kazi kwa zamu za mchana na usiku katika migodi mikubwa, na wengine hushinda na kulala kwenye maduara na makarasha. Mtoto aweza kuimaliza wiki nzima akimwona baba yake amelala tu. Salman Al-Farsi (r.a.) alipomkuta nduguye Abu Dardaa (r.a.) amezama katika ibada hata akawasahau watu wa nyumbani kwake, alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada ya sunna haiiondoi haki ya familia, seuze zamu ya mgodini?

Safari yenyewe si ngumu. Watokao Geita leo huvuka kwa Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, wala hawana tena haja ya kungoja kivuko. Watokao Shinyanga husafiri kilomita zipatazo 160 hadi Mwanza, umbali unaozidi ule wa takriban kilomita 80 waliouweka wanazuoni wengi. Basi wana ruhusa ya kupunguza swala na kuzijumuisha. Wakifika, watoto waweza kupanda boti kwenda Kisiwa cha Saanane, kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, wakatazame swala na pimbi. Tahadhari moja tu: wasiachwe kuoga penye matete na maji yaliyotuama, kwani kichocho kipo.

Hivi karibuni kamati yetu ya msikiti ililetewa swali na mama mmoja. Watoto wake wamekataa kusafiri bila paka wao, kwa kuwa wameona katika simu hoteli za ng'ambo zinazompokea mgeni pamoja na mbwa au paka wake. Je, yafaa wamchukue?

Kwa upande wa sharia, paka si najisi. Abu Qatada (r.a.) aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, na mkwewe Kabsha alipostaajabu, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani. Ugumu uko kwingine. Nyumba nyingi za wageni hazipokei wanyama, hivyo ulizeni kabla ya kulipa. Katika hifadhi ya taifa mnyama wa kufugwa haruhusiwi kabisa. Tena paka huzoea mahali kama anavyozoea watu: mtie katika boksi ndani ya basi lenye joto, kisha umfungulie katika mji asioujua, huenda usimwone tena. Rai yetu ni kuwa abaki nyumbani.

Lakini kubaki nyumbani ni kubaki na nani? Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wasimame kidogo. Sote tunaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Tuitazame vizuri hatia yake. Hatukuambiwa kuwa alimpiga, wala kuwa alimtia moto. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini, hata akafa. Familia inayofunga milango na madirisha Ijumaa jioni, ikarejea Jumatatu hali paka yumo ndani bila maji, haina nia mbaya, imesahau tu. Ila kiu haipungui kwa sababu aliyeisababisha alisahau.

Na mbwa je? Wapo ndugu zetu wafugaji na wafanyabiashara wanaofuga mbwa wa ulinzi. Sharia imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wakapimia humo ulinzi wa nyumba. Ni kweli kwamba chombo alicholamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Hukumu hiyo ni ya chombo. Haimnyimi mbwa haki ya kunywa. Yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza khofu yake maji na kumnywesha mbwa mwenye kiu, alisamehewa dhambi zake. Kumwacha mbwa mnyororoni juani ili alinde mali yetu nasi tukila samaki ufukweni, hilo ni dhuluma kwa mtumishi asiyeweza kushitaki.

Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi, tafuteni jirani. Mkabidhini kwa ulimi ulio wazi kuwa hii ni amana, wala msidhani ataona mwenyewe. Mwachieni dagaa za kutosha siku zote na siku moja ya ziada, bakuli mbili za maji, na ufunguo. Mbwa awekwe penye kivuli, na mnyororo uwe mrefu. Muulizeni bwana mifugo juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ili huyo jirani naye awe salama. Mkirejea, msirudi mikono mitupu: sato mmoja wa ziwani ni shukrani njema.

Tena kazi ya kupeleka bakuli kwa jirani apewe mtoto mwenyewe, yule aliyelia kwa ajili ya paka wake. Huruma anayo tayari. Lililobaki ni kumfundisha kuitimiza. Mtoto aliyezoea kuuliza "nani atamlisha?" kabla ya kuondoka, kesho atauliza swali hilohilo juu ya mama yake mzee na yatima wa jirani.

Allah atujaalie tuwe na huruma kwa viumbe wake, na atupe safari zenye salama na kheri. Amin.