Kuandika Si kwa Kupigwa Chapa Tu

Wako watu kati yetu wanenao, "Kuandika pasipo kulipwa wala kupigwa chapa ni kupoteza wino." Sisi twalikataa neno hilo. Je, aimbaye peke yake shambani hungoja kupigiwa makofi?

Emily Dickinson wa Amherst, Marekani, alizaliwa mwaka 1830, akafa mwaka 1886. Alitunga mashairi karibu 1,800, na katika uhai wake yalipigwa chapa kama kumi tu, wala jina lake halikutiwa. Mengi aliyanakili kwa mkono, akayashona kwa uzi yawe vijitabu, akayaweka chumbani. Kama ni malipo, angaliacha mapema.

Wengine husema, "Hamu sina." Lakini hamu haiitangulii kazi, huifuata. Mwenye kuingoja, daftari lake litaliwa na mchwa. Na aandike mistari mitano kila jioni: habari ya mvua, neno la mzee, jambo limsumbualo moyoni. Akiisha kulisema vema, moyo wake utatulia. Na huo ndio ujira.

Kusoma tulikutafuta kwa taabu. Mbona basi kalamu zetu tuziachie barua za madeni tu?