Ukaguzi wa Magari: Umri Huhesabiwa Tangu Kiwandani, Si Bandarini

Wamiliki wengi wa magari ya binafsi nchini Kenya huamini kuwa ukaguzi ni wajibu wa matatu na malori pekee. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haisemi hivyo. Magari ya uchukuzi wa umma na ya kibiashara hukaguliwa kila mwaka. Gari la binafsi lililozidi miaka minne tangu kuundwa kwake nalo linapaswa kukaguliwa. Jukumu hilo lipo chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA).

Neno la kuzingatiwa hapa ni "kuundwa". Kiwango cha KS 1515 huruhusu kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane, na mengi hutoka Japani. Hivyo, gari la miaka saba linaloteremshwa Mombasa leo ni jipya machoni pa mnunuzi, ilhali kisheria lilishavuka kikomo miaka mitatu iliyopita. Ukaguzi linaofanyiwa kabla ya kusafirishwa huthibitisha hali yake ya siku hiyo tu. Hauwezi kudhamini breki zake miaka miwili baadaye.

Mataifa mengine hutumia kipimo kama hicho. Japani hukagua gari la binafsi baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Uingereza huanza mwaka wa tatu, kisha kila mwaka. Hoja ni moja: kadiri gari linavyozeeka na kusafiri, ndivyo breki, tairi na usukani unavyochakaa. Matatu hutembea kutwa ikibeba abiria. Ndiyo sababu haisubiri miaka minne.

Rasimu ya kanuni iliyotolewa kwa maoni ya wananchi mwaka 2025 ilipendekeza gari la binafsi lililozidi miaka minne likaguliwe kila baada ya miaka miwili, na vituo vya watu binafsi vipewe leseni ya kukagua. Pendekezo hilo lingepunguza foleni, lakini pia linadai usimamizi mkali, kwani cheti kilichonunuliwa bila gari kutazamwa ni hatari kuliko kukosa cheti: humpa dereva imani isiyo na msingi.

Kwa sasa, mwenye gari na aanze kwa kutazama mwaka wa kuundwa ulioandikwa kwenye cheti cha umiliki. Hapo ndipo hesabu inapoanzia.