Waya usiopoteza umeme: je, LUKU itashuka?

Mimi niko huku Ujerumani. Leo naweka boksi chini, tuongee umeme.

Kaka yangu kaniuliza kama ni kweli Wazungu wana waya usiopoteza umeme hata chembe, na kama ukifika Bongo LUKU itakuwa bei chee. Waya upo kweli, ila kwetu siyo utakaoshusha bei kwa sasa.

Waya wa shaba au alumini una ukinzani, ndiyo maana hupata joto. Joto hilo ni umeme uliozalishwa ukapotea njiani, na gharama yake tunaibeba wateja. Mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, aligundua kuwa zebaki ikipozwa hadi kama nyuzi -269, ukinzani unatoweka kabisa. Sisi manesi tunakutana na jambo hilo kazini: sumaku za mashine nyingi za MRI zina koili za namna hiyo, zimezamishwa kwenye heliamu ya kimiminika. Umeme ukishaingizwa unazunguka wenyewe usiku na mchana, ndiyo maana mkasi hauingii chumba kile hata mashine ikiwa haipigi picha. Kinachokula umeme saa zote ni mtambo wa ubaridi.

Na hapo ndipo penye hesabu. Tangu 1987 zipo kauri zinazotosheka na naitrojeni ya kimiminika, nyuzi -196, ambayo ni rahisi kuliko heliamu. Mwaka 2014 mji wa Essen uliwasha kebo ya aina hiyo, kilomita 1 katikati ya mji. Ilibeba megawati 40 kwa volti 10,000 tu, mahali pa kebo ya volti 110,000. Unafuu mkubwa ulikuwa kwamba volti zikiwa ndogo, hakuna haja ya kituo kikubwa cha kupozea umeme katikati ya mji, mahali ambapo kiwanja ni ghali.

Sasa chukua laini yetu ya Bwawa la Julius Nyerere hadi Chalinze, kama kilomita 160. Kuigandisha yote ni mitambo ya ubaridi njia nzima, inayolipiwa hata saa ambazo matumizi ni madogo. Pale alumini na volti 400,000 vinatosha, maana volti zikipanda upotevu unapungua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kebo za baridi tuzifikirie baadaye, kwa sehemu zilizobanana kama Kariakoo. Pesa za leo ziende kwenye transfoma zilizozidiwa mitaani na laini chakavu za vijijini. Nimewahi kuzalisha mama kwa tochi ya simu, na friji ya chanjo imezima. Bwawani umeme ulikuwepo. Kilichokufa ni transfoma ya pale kijijini.

Kaka, jibu lako ndilo hilo. Mwenye hoja nyingine aniandikie, tubishane kwa amani.