Mkono Unaotetemeka Si Pombe Kila Mara: Barua kwa Watu wa Wamagana

Margate, Kent, Uingereza

Wazazi wangu, ndugu zangu na majirani wa Wamagana, Kenya,

Kazi ya kuwatunza wazee huku inaendelea, na habari zenu nazipata kwa simu na kwenye kundi letu la WhatsApp. Nimefurahi kusikia kwamba mvua imenyesha na chai inachumwa. Lakini nasikia pia kwamba vijana wetu, baada ya kuchoshwa na bei ya kahawa na kazi za kibarua, wanashika njia kwenda machimbo ya dhahabu ya Migori, Kakamega na Lolgorian. Sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki. Ninachotaka kusema ni kuhusu hewa wanayoivuta huko, na jinsi tunavyowapokea wakirudi.

Dhahabu ya wachimbaji wadogo hutoka ikiwa chembe ndogo ndani ya mawe yaliyosagwa. Mchimbaji hutia mchanga na maji kwenye karai, humimina zebaki na kukoroga kwa mikono mitupu, mpaka zebaki ishikane na chembe za dhahabu. Kisha huikamua kwa kitambaa, libaki donge jeupe linalong'aa. Donge hilo huwekwa kwenye kijiko au kifuniko cha sufuria, juu ya jiko la makaa. Weupe unatoweka, rangi ya dhahabu inajitokeza, na waliozunguka jiko wanafurahi. Zebaki yote iliyotoweka imegeuka mvuke, nao wamekwisha kuuvuta.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta, takriban asilimia 80 hubaki mwilini na kwenda kwenye ubongo na figo. Kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Dhahabu ikichomewa ndani ya nyumba, mvuke unaobaki chumbani hutua kwenye kuta, mabati, godoro na nguo. Na kwa kuwa zebaki hutoa mvuke hata pasipo moto, nyumba iliyochomewa dhahabu huendelea kuwadhuru wanaolala humo hata jiko likiwa limezimwa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 tu katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka.

Wala jambo hili si dogo. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2015 shughuli za binadamu zilipeleka hewani tani 2,220 hivi za zebaki. Asilimia 38 ilitoka kwenye machimbo madogo ya dhahabu, zaidi ya ile iliyotokana na kuchoma makaa ya mawe.

Anayeuvuta mvuke huu kidogo kidogo kwa miezi na miaka haanguki ghafla. Huanza kukosa usingizi. Husahau mambo na kukasirika upesi, ama hujitenga na watu na kuona haya hata mbele ya ndugu zake. Fizi huvimba na kutoa damu. Vidole hutetemeka, na sahihi yake huwa mikwaruzo asiyoitambua mwenyewe. Figo nazo huanza kuharibika kimyakimya.

Sasa niambieni, kijana wa namna hiyo akishuka kwenye matatu pale Wamagana, tutasema nini? Tutasema amelewa. Kwetu pombe haramu imetuzikia vijana wengi, na kila mkono unaotetemeka tumeshauhukumu kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Mama atalia, baba atamfukuza, kanisa litamwombea aache chupa. Hakuna atakayemuuliza alikuwa akifanya kazi gani.

Mji huu ninamoishi una jambo la kutufundisha. Hapa Margate palikuwa na kiwanda cha Thor Chemicals kilichotengeneza kemikali za zebaki. Katika miaka ya 1980 wakaguzi wa serikali walipima hewa ya kiwandani na miili ya wafanyakazi, wakakuta zebaki imezidi. Kampuni ikaacha kazi hiyo hapa, ikaihamishia Cato Ridge, Afrika Kusini. Huko wafanyakazi waliugua kwa sumu ileile, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi yao wakafa. Wenzao walifungua kesi Uingereza, na mwaka 1997 kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 1.3. Wa Margate walinusurika kwa sababu walipimwa mapema, na vipimo vyao vikaheshimiwa.

Serikali yetu haiwezi kusema haijui. Sehemu ya mazungumzo ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ilifanyika Nairobi mwaka 2011. Mkataba ulipitishwa 2013, na Kenya ikauridhia 2023. Unaitaka kila nchi yenye machimbo ya namna hii ipunguze zebaki na, inapowezekana, iiondoe kabisa, na unataja kwa jina hatari ya kuchoma donge mahali watu wanapoishi. Mwakilishi wetu akija kuomba kura, aulizwe amefanya nini juu ya hilo.

Nanyi vijana mlioko machimboni, dhahabu isichomwe kamwe ndani ya nyumba, wala karibu na mtoto au mama mjamzito. Vipo vyombo vya chuma vinavyofunikwa, vinavyonasa mvuke na kuurudisha uwe zebaki, tumieni hivyo. Zipo pia njia za kuyeyusha dhahabu kwa boraksi bila zebaki hata tone, ulizieni. Nguo za kazi zisiletwe nyumbani, na zebaki isibebwe kwenye chupa ya soda ili kuwaonyesha wadogo zenu. Ikimwagika, msiifagie, kwa maana ufagio huitawanya.

Kina mama wa chama, wazee wa kanisa, na chifu wetu kwenye baraza, kijana akirudi ametoka machimboni, mpelekeni hospitali na mwambieni daktari wazi kwamba alikuwa akichoma dhahabu. Ombeni mkojo upimwe zebaki na figo ziangaliwe. Msipomwambia, daktari hana namna ya kujua, na atatibu kingine. Tena msikate tamaa. Mtu akiondoka kwenye mvuke, zebaki mwilini hupungua kwa karibu nusu katika miezi miwili hivi, ingawa madhara ya ubongo yaliyokwisha kukomaa huenda yasirudi nyuma. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu.

Kabla hamjamwita mtoto wa mtu mlevi, muulizeni kwanza alikuwa akifanya kazi gani, kisha mpelekeni akapimwe.

Ni mimi, mtoto wenu.