Asali ya kweli tunaijuaje?



Juma lililopita, siku ya likelemba, mwenzetu mmoja alileta bidoni ya lita 5 ya asali. Aliinunua kwa feza ya kikundi, ili tuigawe katika chupa ndogo na kuiuza. Kabla ya kuigawa, kila mmoja akataka kuijaribu kwa namna yake. Wa kwanza alidondosha tone katika kopo la maji. Tone likazama, akasema asali ni nzuri. Wa pili alichovya njiti ya kibiriti. Njiti haikuwaka, akasema tumeuziwa sukari. Wa tatu akaweka tone chini na kungoja sisimizi. Sauti zikapanda, na mwenzetu akaondoka na machozi kama mtu aliyeshikwa na wizi. Feza ilikuwa yetu sote, lakini jina lililoharibika lilikuwa lake. Ndiyo maana leo tunaandika juu ya asali.

Tuyatazame majaribio hayo moja moja. Tone la asali linazama kwa sababu asali ni nzito kuliko maji. Lakini siro ya sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito inazama vilevile. Njiti iliyochovywa inawaka ikiwa haikulowa maji mengi, na siro nzito nayo inaiacha iwake. Karatasi nayo ni hivyohivyo: inaonyesha unyevu tu. Sisimizi hufuata kila kitu kitamu, asali na sukari pia. Basi majaribio haya, yakisema neno, yanasema juu ya maji yaliyomo. Hayawezi kutuambia kama ni nyuki aliyeitengeneza au ni mtu na sufuria yake.

Tena yanaweza kumwonea muuzaji mwaminifu. Katika misitu yetu kuna nyuki wadogo wasiouma, na asali yao kwa asili ni nyepesi na ina uchachu kidogo. Hata nyuki wanaouma, asali yao ikirinwa kabla hawajaifunika kwa nta inakuwa na maji mengi. Na asali inayoganda chini ya chupa, ambayo wengi sokoni wanaikimbia wakisema ni sukari, mara nyingi ni asali safi kabisa. Kuganda ni tabia yake. Iweke chupa katika maji ya moto kiasi, itayeyuka.

Tusidhani ni sisi tu tunaosumbuka. Mwaka 2023, Umoja wa Ulaya ulitangaza kwamba katika sampuli 320 za asali iliyotoka nchi za nje, 147 zilishukiwa kuwa zimechanganywa na siro. Wale wana maabara na mashine. Sisi tutafanya nini hapa Kindu?

Kwanza, mizani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya asali iliyokomaa ina uzito wa kilo 1 na gramu 400 hivi. Kwa hiyo bidoni ya lita 5, ukiisha kutoa uzito wa bidoni tupu, iwe na kilo 7 au kuzidi kidogo. Chupa ya lita moja na nusu iwe na kilo 2 na gramu 100. Ikipungua, maji ni mengi. Kanuni za kimataifa za chakula zinataka maji katika asali yasizidi asilimia 20, kwa sababu yakizidi sana asali inachacha. Lakini tukumbuke: mizani inakamata maji, haikamati siro nzito.

Pili, masega. Tumwombe muuzaji alete asali ikiwa bado katika masega, tuikamue wenyewe. Vyumba vilivyofunikwa kwa nta ni dalili kwamba asali imekomaa. Vilivyo wazi vina asali mbichi.

Tatu, pua na ulimi. Povu, harufu ya pombe, bidoni iliyovimba: hiyo imeanza kuchacha, tusiiuze. Tuangalie pia bidoni yenyewe. Iliyobeba petroli hairudi kubeba chakula, hata ukiiosha mara kumi.

Nne, na hii inazidi zote, tumjue anayerina. Mawese tunayanunua kwa mama tunayemjua, na akituharibia tunajua njia ya kwake. Asali iwe hivyo. Tuandike katika daftari jina lake, kijiji chake na siku aliyorina. Tuweke chupa ndogo ya kila bidoni pembeni, ili maneno yakitokea tuwe na kitu cha kuonyesha.

Ile bidoni yetu tuliipeleka kwenye mizani. Asali peke yake ilikuwa kilo 6 na gramu 800. Maji yalikuwa mengi, lakini kama yalitiwa na mtu au yalitoka katika masega, mizani haikusema. Tukamwita mrina asali. Alivuka mto kutoka Alunguli akiwa na masega yaliyobaki, na tukaona kwa macho yetu: vyumba vingi vilikuwa wazi. Alirina wakati wa mvua, kwa haraka, kwa kuwa alihitaji feza. Tuliamua kuitumia mapema majumbani mwetu, tusiiuze kama asali ya kukaa. Naye amekubali kwamba safari ijayo tutalipa tukiisha kuona masega. Kwa mwenzetu tulikwenda nyumbani tukamwomba radhi. Kumwita mtu mwizi kwa ajili ya njiti moja ya kibiriti ni jambo la aibu, na tulilifanya sisi.

Mwisho, neno kwa wenye watoto wachanga. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali hata kidogo: si katika uji, si kwenye ulimi, si kwa kikohozi. Hapa usafi wa asali hauleti tofauti. Hata ile bora kabisa inaweza kubeba mbegu za mdudu mdogo asiyeonekana, anayeleta ugonjwa wa botulismi. Kuchemsha nyumbani hakuziui mbegu hizo. Tumbo la mtu mkubwa linazishinda, la mtoto mchanga bado. Ikiwa mtoto amekosa choo, ananyonya kwa unyonge, kilio kimefifia na shingo inalegea, usingoje kesho. Mkimbize kwa munganga na umwambie kama alionja asali. Akipita mwaka, kijiko kidogo kwa kikohozi hakina neno. Na wenye ugonjwa wa sukari wajue kwamba asali ya kweli nayo ni sukari.

Siku ya likelemba ijayo, kila kikundi kije na bidoni yake tupu. Tutazipima zote, na uzito tutauandika juu yake kwa rangi.

Tubaki na amani.