Kipokezi Kitupu Hakikai Bure

Mwishoni mwa 1986 maabara mbili, ya Björn Vennström huko Heidelberg na ya Ronald Evans katika Taasisi ya Salk, California, zilitangaza pamoja kwamba zimeitambua jeni ya kipokezi cha homoni ya tezi ya shingo. Vipokezi vya jamii hii, ambavyo kwa binadamu ni 48, havikai kwenye utando wa seli vikisubiri kubishiwa hodi. Hufanya kazi ndani ya kiini, juu ya DNA yenyewe, vikiwasha jeni hii na kuzima ile.

Toleo hili linahusu vipokezi hivyo na ubongo. Msomaji atakutana na Nurr1, kimojawapo cha vipokezi hivyo: panya waliozaliwa bila protini hiyo hawakuwa na seli za dopamini katikati ya ubongo, zilezile zinazokufa kwa mgonjwa wa Parkinson. Lakini linalogusa watoto wengi zaidi ni suala la tezi.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtoto aliyekosa homoni hii hudumaa akili kwa kuwa vipokezi vyake havina kazi. Kumbe vinafanya kazi, tena ya kuharibu. Kipokezi kisicho na homoni hung'ang'ania DNA na kuzifunga jeni ambazo wakati huo zilipaswa kuwashwa. Mwaka 2002 watafiti waliwanyima panya homoni, kisha wakachunguza wale wasio na aina ya kipokezi hicho iitwayo alfa 1. Serebela yao, sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo, ilijijenga vizuri. Afadhali kukosa vyote viwili.

Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, rovu na watoto waliodumaa kimo na akili vilikuwa jambo la kawaida: udongo hauna madini joto ya kutosha, ambayo tezi huyatumia kutengeneza homoni yake, na sumu ya mihogo huizuia tezi kuyachukua hayo machache. Chumvi yenye madini joto ndiyo kinga ya janga kama hilo. Haimsaidii, hata hivyo, mtoto aliyezaliwa bila tezi au na tezi isiyofanya kazi ipasavyo, naye ni mmoja katika kila 2,000 hadi 4,000.

Huyo hugunduliwa kwa tone la damu ya kisigino, kama Quebec ilivyoanza kufanya miaka ya 1970. Akianza kidonge cha levothairoksini ndani ya wiki mbili, kwa kawaida hukua na akili timamu. Wizara za afya za Afrika Mashariki zinaombwa zikiweke kipimo hiki katika mahudhurio ya kwanza ya mama baada ya kujifungua, na zisisubiri dalili. Zikionekana, ubongo umeshaumia.