Mvua Ikikukuta Nyumbani Wakati wa Likizo

Kila mwaka, shule zifungapo mwezi wa Aprili, na tena mwaka unapokaribia kwisha, wafanyakazi wengi wa mijini hufunga mizigo yao wakaenda mashambani kwao kupumzika. Na kila mwaka mvua huwakuta huko. Katika sehemu kubwa ya Kenya mvua kubwa hunyesha tangu Machi hata Mei, na mvua ndogo tangu Oktoba hata Desemba. Basi likizo nyingi, au livu kama wengi walivyozoea kuiita, huangukia humo humo. Karani aliyekusudia kwenda kuwaamkia wajomba zake ng'ambo ya mto huamka asubuhi akasikia mabati yakilia juu ya kichwa chake. Barabara imekuwa matope matupu, wala hapana gari lipitalo.

Hapo wengi husema, "Siku hii imepotea." Mmoja hurudi kitandani. Mwingine hujifunika koti akaenda kukaa kilabuni mpaka usiku. Mwingine huishika simu yake kutwa nzima, akisoma habari za mji ule ule aliotoka kuukimbia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi wa Kenya likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Mtu azitupaye siku tano kwa ajili ya mvua ametupa karibu robo ya likizo hiyo.

Ndugu msomaji, sisi twaona kwamba siku ya mvua yaweza kuwa yenye faida kuliko zote ulizo nazo nyumbani. Yako mambo ambayo jua huyaficha na mvua huyadhihirisha. Mwenye kuishi pale kila siku ameyazoea hata hayaoni tena; bali wewe uliyetoka mbali unayaona, ukitaka kutazama.

Jambo la kwanza ni maji yapitayo shambani. Mvua inapopungua kidogo, vaa viatu vya mpira, jitwike gunia au chukua mwavuli, ushike vijiti kumi hivi, kisha uzunguke shamba la wazee wako kwa kufuata kingo zake. Usipite katikati ya maharagwe yaliyolowa, kwa maana magonjwa ya majani huchukuliwa na nguo na miguu kutoka mche mmoja hata mwingine. Na udongo uliolowa ukikanyagwa hushikamana ukawa mgumu. Tazama tu. Maji yaingia wapi kutoka kwa jirani au barabarani? Yatokea wapi? Yakiwa mekundu, yale unayoyaona yakienda mtoni ni udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Kila mahali yanapopata nguvu, choma kijiti. Siku jua litakapowaka hutaona mto wowote pale, lakini vijiti vyako vitakuwapo, nawe utajua mahali pa kuchimba.

Wazee wa Machakos waijua habari hii vizuri. Katika miaka ya 1930 na 1940 nchi yao ilikuwa imemomonyoka vibaya, na serikali ya kikoloni ikawalazimisha watu kuchimba matuta. Kazi ya kulazimishwa ilichukiwa huko, na katika wilaya nyingine pia. Hata hivyo, baada ya uhuru wa mwaka 1963 wakulima wengi wa Machakos waliendelea kuchimba matuta ya fanya juu kwa hiari yao wenyewe, kwa sababu waliona kwa macho yao kwamba maji yalibaki shambani na mahindi yakasimama. Tuta la namna hiyo huchimbwa kwa kuukata mteremko kwa usawa mmoja, na udongo hutupwa upande wa juu wa mtaro. Miaka ikipita, udongo unaoteremka hukusanyika nyuma ya tuta, na mteremko hugeuka kidogo kidogo ukawa kama ngazi.

Jambo la pili ni maji yaangukayo juu ya nyumba. Hapa yafaa uwaite watoto, maana nao wamefungiwa ndani na wamechoka. Wape kopo ambalo upana wake ni mmoja juu na chini, waliweke mahali peupe, mbali na miti na paa. Mvua ikikatika, wapime kina cha maji kwa rula ya shule. Kisha wafundishe hesabu hii: milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 lina mita 48 za mraba. Basi mvua ya milimita 10, ambayo ni ya kawaida tu, huleta lita 480. Hata ukiondoa sehemu moja katika tano kwa yale yanayoruka nje, yabaki lita 384, yaani mitungi 19 ya lita 20.

Sasa waulize watoto: mama yao huteka mitungi mingapi kwa siku, na mto u mbali kiasi gani? Nyumba nyingi zina mabati mazuri, lakini hazina mfereji wa paa, ule ambao mafundi huuita gata. Maji yote huanguka chini, yakachimba msingi wa nyumba, kisha mama huchukua mtungi akaenda kuyafuata bondeni. Gharama ya gata na pipa yaweza kuwa ndogo kuliko zawadi nyingi ziletwazo kutoka mjini. Ila ukumbuke kuyamwaga maji ya kwanza, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege kilicho juu ya paa. Na pipa lifunikwe lisizalishe mbu.

Ikiwa kuna radi, watoto wasitoke kwenda kupima kopo. Waweke ndani wahesabu. Mwanga hufika papo hapo, bali sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde moja. Basi kila sekunde tatu kati ya umeme na ngurumo ni kadiri ya kilomita 1. Hesabu ikiwa haifiki 30, radi iko karibu, na mtu hafai kusimama chini ya mti wala kushika ua wa waya.

Jambo la tatu ni ghala. Siku ya mvua ndiyo siku ya kujua kama nafaka yenu ina hatari. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu waliweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba zao, nayo yakaota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini. Watu 317 walihesabiwa kuwa wameugua, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haiishi kwa kupika.

Iko njia ya kupima isiyotaka mashine. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Kausha chumvi karibu na moto, maana siku ya mvua chumvi nayo huvuta maji. Tia mahindi mpaka kadiri ya theluthi ya chupa, uongeze kijiko kikubwa cha chumvi, ufunge, utikise kwa dakika mbili au tatu, kisha uache yatulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana unyevu unaozidi sehemu 15 katika 100, wala hayafai kuwekwa. Yataka kuanikwa tena jua litakapotoka, juu ya turubai wala si juu ya udongo. Na wakati unapokuwa ghalani, inua macho utazame paa. Tone moja linaloanguka juu ya gunia laweza kuoza magunia yaliyo chini yake.

Jambo la nne ni kubwa kuliko hayo yote, nalo ni wazee. Siku ya jua baba yako hukaa shambani, au sokoni, au kwenye baraza za watu. Siku ya mvua ameketi karibu na moto, hana pa kwenda, na mazungumzo ni yenye kumpendeza. Chukua daftari na kalamu, uketi naye.

Anza na majina. Baba yake babu aliitwa nani? Alitoka upande gani wa mlima au wa ziwa, na kwa sababu gani? Nani aliolewa wapi? Nani amezikwa chini ya mti ule? Andika kama anavyosema, wala usimkatize ili kumsahihisha miaka. Kuna familia nyingi ambazo wajukuu wake hawajui jina la babu wa tatu, na mtu pekee aliyelijua amekwisha kuzikwa.

Kisha, kwa adabu, fika kwenye mipaka. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio ulioanza kukusanya mashamba na kuwapa watu hati katika sehemu nyingi za Kenya. Hati nyingi za zamani zimebaki mpaka leo katika jina la babu ambaye alikwisha kufariki, na wana wake wanalima kwa mapatano ya mdomo tu. Maadamu wazee wako hai, mapatano hayo yana mashahidi. Wakiondoka, ndugu hushtakiana, na shamba huuzwa ili kulipa mawakili.

Lakini jihadhari na namna ya kuuliza. Kijana aliyekaa mjini mwaka mzima, akaja akaanza kwa kusema, "Baba, hati iko wapi?", atadhaniwa kuwa anamtakia mzee kifo. Afadhali useme, "Baba, naomba unionyeshe mipaka kama babu alivyokuonyesha wewe, ili nami niwaonyeshe wanangu." Mzee hatakataa jambo hilo. Uwaite na ndugu zako waliopo wasikie pamoja nawe, na wale dada zako pia, maana Katiba ya mwaka 2010 yakataza kumbagua mtu kwa sababu ya uke au uume wake. Jambo lililosikiwa na watu watano karibu na moto halina siri, wala halileti shaka baadaye.

Jioni ikifika, mpasulie mama kuni zilizo kavu zilizowekwa chini ya paa, kwa sababu siku ya mvua kazi yake huongezeka maradufu. Watoto wateguliane vitendawili, au wacheze bao, lile ambalo Wajaluo huliita ajua na Wakikuyu giuthi. Mashimo machache yaliyochimbwa katika ubao na mbegu za mti zatosha. Neno moja la tahadhari: baridi ikizidi, msilale na jiko la makaa likiwaka katika chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo humwua mtu usingizini.

Siku ya kurudi kazini, daftari lako liwe na mambo manne: mahali palipo vijiti, vipimo vya gata, hali ya mahindi, na majina ya wazee pamoja na mipaka yao. Matatu ya kwanza yaweza kungoja mshahara wa mwezi ujao. La nne haliwezi kungoja. Basi, ikiwa mvua itanyesha mara moja tu katika likizo yako, na nafasi ni ya jambo moja tu, liache shamba, liache paa, ukaketi na mzee.